Fatuma, Fatma, Fatima: jina moja au matatu?

SWALI: Shikamoo dada. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma, cha shule Fatma, kitambulisho Fatima. Juzi nimepeleka makaratasi ya mkopo nikarudishwa, eti hao ni watu watatu tofauti. Nyumbani bibi ananiita Fatu tu. Sasa jina langu hasa lipi, na lina maana gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa usumbufu. Jina ni moja, usiyumbishwe na mtu. Asili yake ni Kiarabu, Fatima, linatoka kwenye neno fatama, yaani kuachisha mtoto ziwa. Kama ushamuona mama anapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja, anakunja uso, analia, kesho yake harudii tena, basi kazi ile ndo imezaa jina lako. Mimi naona ni jina zito mno, linamtaja mama kwenye siku yake ngumu.

Limeenea dunia nzima kwa ajili ya Bibi Fatuma binti wa Mtume Muhammad, mke wa Ali na mama yao Hassan na Hussein, aliyefariki mwaka 632. Hata kina Zahara na Batuli wa mtaani kwenu majina yao yametoka kwenye sifa zake huyo huyo.

Sasa kila watu wamelitamka kwa ulimi wao. Waarabu wengi wakiongea haraka wanasema Fatma, Waturuki nao hivyo hivyo, ila sisi Waswahili t na m zikigongana tunaweka irabu katikati, kama hukm ilivyokuwa hukumu, ndo tukapata Fatuma. Wasomali wanasema Faadumo, Wairani Fatemeh, Mali na Guinea ni Fatoumata, na hiyo Fatu ya bibi yako usiione ya nyumbani tu, Senegal wapo kina Fatou kibao. Hata Wakatoliki wanalo, maana Ureno kuna mji unaitwa Fátima, jina lililobaki tangu enzi za Waislamu kule, na tangu watoto watatu waliposema wamemuona Bikira Maria pale mwaka 1917 wasichana wengi wa Kikristo wameitwa hivyo.

Kuhusu mkopo, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba majina yote matatu ni yako, upate hati yenye mhuri, kisha vingine vyote virekebishwe vifuate cheti cha kuzaliwa. Fanya mapema, usingoje mpaka upeleke maombi mengine.