Vitunguu vitatu, lori zima

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya hifadhidata hapa Nairobi, kuna kosa nililolifanya mwaka wangu wa kwanza, na bado nalikuta kila nikikagua kazi ya mgeni.

Nilikuwa nimeandika fanksheni ya PL/pgSQL, lugha ya programu iliyomo ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, ya kutoa miamala ya wanachama wa Sacco moja mjini. Ndani ilikuwa ikizunguka rekodi moja moja, RETURN NEXT baada ya RETURN NEXT, amri inayoongeza rekodi moja kwenye matokeo. Kwenye kompyuta yangu, yenye rekodi mia chache za majaribio, jibu lilikuja kabla sijatoa kidole kwenye kibodi. Mwisho wa mwezi tukaiwasha tawini. Karani alihitaji miamala 20 ya karibuni ya mama mmoja aliyesimama dirishani, kitabu cha akiba mkononi. Skrini ikaganda. Foleni ikafika mlangoni. Mama yule alikuwa ameomba ruhusa kazini, na muda wake ukaliwa na kosa langu. Sijamsahau.

Niliamini LIMIT 20 (nipe rekodi 20 tu) niliyoiweka nje, kwenye swali linaloiita fanksheni, ingeisimamisha fanksheni ikifika ishirini. Haifanyi hivyo. Fanksheni ya PL/pgSQL hukusanya matokeo yote kwanza, hadi rekodi ya mwisho, ndipo iyatoe. Yakizidi work_mem, kumbukumbu iliyotengewa kazi hiyo, ambayo isipobadilishwa ni MB 4 tu, humwagwa kwenye diski. Ni sawa na kumtuma mtu Marikiti akuletee vitunguu vitatu, akajaza lori, akalishusha mlangoni pako, kisha akakuhesabia vitatu. Ukitumia RETURN QUERY, inayoongeza matokeo ya swali zima kwa mkupuo, utaokoa mizunguko, lakini lori linajazwa vile vile. Hata WHERE (sharti la kuchuja) ya namba ya mwanachama, ikikaa nje, haifiki kwenye indeksi, faharasa ya kupata rekodi haraka. Inachambua mzigo ambao tayari umeshushwa.

Kwa hiyo namba ya mwanachama ipitishe ndani ya fanksheni. Halafu jiulize kama unaihitaji PL/pgSQL kweli. Kama kazi yote ni SELECT moja, tumia LANGUAGE sql na uitangaze STABLE, yaani haibadilishi data na ndani ya swali moja jibu lake ni lile lile. Usipotangaza, PostgreSQL huichukulia kuwa VOLATILE, yaani jibu lake laweza kubadilika wakati wowote, na kuiacha imefungwa. Ikiwa STABLE, bila STRICT (kutoendeshwa ikipewa NULL) wala SECURITY DEFINER (kuendeshwa kwa ruhusa za mmiliki wake), mpangaji, yaani sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuendesha swali, anaweza kuifungua na kuichanganya na swali la nje, hapo WHERE na LIMIT zinafika kwenye jedwali lenyewe. Yangu niliiandika upya hivyo mchana ule ule.

Utajuaje imefunguka? Endesha EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha njia ambayo swali limepitia. Ukiona Function Scan na rows=1000, bado imefungwa. Hiyo 1000 haikuhesabiwa na mtu. Ni kisio linalowekwa pale usipoandika ROWS (idadi ya rekodi unayotarajia) kwenye fanksheni, na kisio likiwa mbali na ukweli, mpangaji huunganisha majedwali kwa njia mbovu. Ikifunguka, utaona jina la jedwali lako na, indeksi ikifaa, Index Scan.

Ripoti inayohitaji kila rekodi ni kesi nyingine: rudisha refcursor, kielekezi cha matokeo ambayo bado hayajavutwa, uvute kwa FETCH mafungu ya 500 ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Ila muulize mhasibu kwanza. Mara nyingi anataka jumla tu, na SUM ifanyike kwenye seva.

Na kabla hujamwonyesha mtu kazi yako, jaza jedwali la majaribio rekodi milioni moja kwa generate_series, fanksheni ya PostgreSQL inayozalisha mfululizo wa namba, kisha uombe ishirini.