Mjomba wa Pedi: Kadabra, kijiko na shabaha ya adui

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nacheza Pokémon FireRed kwenye Game Boy Advance aliyoniachia binamu yangu. Nimefika Two Island, na yule jamaa wa kukumbusha mapigo anataka uyoga mkubwa mmoja ili Kadabra wangu, yule Pokémon mwenye kijiko, apate pigo la Kinesis. Sina mtu wa kubadilishana naye kwa waya, kwa hiyo kumkuza awe Alakazam ndiyo sahau. Nitoe uyoga? Nataka kwenda kupambana na wale wakufunzi Wanne wa mwisho, Elite Four.
*Mpwa wako, Tanga*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Uyoga usiutoe kwa ajili ya Kinesis. Heri uuuze dukani upate 2,500.

Kinesis haiumizi mtu. Kadabra anapinda kijiko, adui anazubaa, shabaha yake inashuka ngazi moja. Katika FireRed, pigo lililokuwa na uhakika wa 100 linabaki na 75. Ikiingia mara ya pili ni 60, ya tatu ni 50. Mwisho ni ngazi sita, na hata huko chini kabisa adui bado anakupata mara moja katika kila tatu. Utamu wake ni huo tu.

Sasa uchungu. Kinesis yenyewe hukosa: uhakika wake ni 80 tu. Zidisha uone. Ukiitumia zamu ya kwanza, ukijumlisha mara inapoingia na mara inapokosa, adui aliyekuwa na uhakika wa 100 bado ana nafasi 80 katika 100 za kukupiga. Umetoa zamu nzima, umepata moja ya tano. Wakati huohuo Sand-Attack, inayoshusha shabaha vilevile na ambayo hata Pidgey mchanga anaijua, ina uhakika wa 100. Flash, nayo ya kushusha shabaha, ndiyo mbaya zaidi, 70, na ukishamfundisha huwezi kuifuta mpaka umpeleke kwa msahaulishaji wa Fuchsia. Flash iache pale Rock Tunnel penye giza.

Tena mwangalie Kadabra mwenyewe. Uhai 40, ulinzi 30. Hayo ni maungo ya karatasi. Alichonacho ni nguvu maalumu 120 na kasi 105. Mnyama wa namna hiyo anatakiwa apige kwanza na adui aanguke, asikae zamu tatu akipinda vijiko huku Machamp anamkodolea. Kazi ya kupunguza shabaha mpe anayeweza kuvumilia kipigo akisubiri adui akose. Vijana wanaokuja kibandani kwangu hawanielewi hapo. Adui akikosa mara moja wanaruka kama timu imefunga, zile mara nne alizowapiga hawazihesabu.

Ukicheza na binadamu ndiyo kabisa: anamrudisha mnyama wake, anatoa mwingine, na ngazi zote ulizoshusha zimefutika. Kompyuta ni nadra kufanya hivyo, kwa hiyo mbele ya Wanne hao Kinesis angalau itakaa. Lakini ukishawamaliza utamkuta yule mpinzani wako wa tangu utotoni, na Pidgeot wake ana kipaji cha Keen Eye. Huyo shabaha yake haishuki, pinda hata sufuria.

Nitaisifia kwa jambo moja, nisije nikaonekana nina chuki. Wanyama wa aina ya Giza hawaguswi na mashambulizi ya akili ya Kadabra, lakini Kinesis huwaingia kama kawaida.

Mpange hivi. Psychic, ile TM29 (kifaa cha kufundishia pigo) ya yule bwana wa Saffron. Calm Mind, aliyokupa Sabrina ulipomshinda. Shock Wave ya Lt. Surge, ambayo haikosi, maana wanyama wa Lorelei, wa kwanza wa Wanne hao, ni wa maji isipokuwa Jynx, na umeme unawachoma. Ya nne Recover. Hii Kadabra hujifunza mwenyewe akikua, na kama ulimkatalia siku ile kwa haraka zako, basi hapo ndipo uyoga una kazi. Kwa Bruno, wa pili, atafanya sherehe: Hitmonchan, Hitmonlee na Machamp wote wanaogopa Psychic. Kwa Agatha, wa tatu, uwe mwangalifu, Gengar ana kasi kumshinda.

SWALI: Mjomba, nakusanya kadi za Pokémon. Kwa nini Kadabra alipotea miaka mingi hivyo?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ni kijiko hichohicho. Uri Geller, Mwisraeli aliyepata umaarufu miaka ya 1970 kwa kupinda vijiko kwenye televisheni, aliishtaki Nintendo mwaka 2000. Alidai Kadabra, ambaye kwa Kijapani anaitwa Yungerer, ameigwa kutoka kwake. Baada ya kadi za 2003 Kadabra hakuchapishwa tena, huku Abra na Alakazam wakiendelea kutoka kama yatima. Novemba 2020 Geller aliomba radhi hadharani na kusema yuko radhi arudishwe, na mwaka 2023 Kadabra akarudi katika seti ya 151. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha Kadabra wa 2012, tazama mwaka uliochapishwa chini ya kadi kabla hujatoa hela.