Nesi mmoja anasema tembea, mwingine anasema lala

SWALI: Dada, mama kafanyiwa opresheni ya utumbo juzi. Nesi wa asubuhi kamwambia ainuke atembee, wa usiku kamkemea arudi kitandani. Tumsikilize nani?

JIBU: Pole mdogo wangu, na mama mpe pole zangu. Hili jambo linaniuma kweli, mgonjwa hapaswi kuhudumiwa tofauti eti kisa zamu imebadilika. Tangu miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark alionyesha kuwa mambo madogo madogo yakifanywa kwa pamoja mgonjwa anapona haraka, yaani asishindishwe njaa bure kabla ya opresheni (maji wengi wanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla ya nusu kaputi), maumivu yatulizwe bila kutegemea mofini (dawa kali ya maumivu) tu, mpira wa mkojo utolewe mapema, aanze kula na kutembea mapema. Kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni, makohozi yanajaa kifuani, misuli nayo inaisha nguvu.

Ndo maana wodi inatakiwa iwe na chati moja: leo akae kwenye kiti mara ngapi, atembee kiasi gani, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, na kila zamu inajaza na kukabidhi.

Kesho daktari akipita muulize mpango wa mama aandike kwenye faili, manesi wote wausome. Ila akisikia kizunguzungu au kidonda kikivuja damu, akae kwanza, mwite nesi hapohapo.