Smuthi ya asubuhi huanzia kwa muuza matunda jioni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwetu Kimara, Dar es Salaam, hakuna mtu wa kumenya embe. Maji ya kuoga yapo jikoni, mtoto anatafuta soksi ya pili, na ukichelewa dakika kumi tu unakuta foleni ya mabasi ya mwendokasi imeshapinda mara mbili. Kwa hiyo kila nilipomsikia mtu anasema smuthi, yaani matunda yaliyosagwa kuwa kinywaji kizito, ni kifungua kinywa cha dakika tano, nilikuwa nacheka. Dakika tano za nani? Umenye embe, ulitoe kokwa, upasue papai, utupe mbegu, ufukuze nzi, uoshe kisu. Blenda yangu ilikaa juu ya kabati karibu mwaka mzima, nimeifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya babu.

Aliyenitoa ushamba ni mama mmoja anayeuza matunda karibu na kituo ninaposhukia. Jioni moja ya Desemba nilipita pale saa mbili usiku, yeye ameshaanza kukunja turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uniondolee haya maembe, ni ya leo leo. Kesho hayafiki."

Yalikuwa maembe dodo saba, yameiva mpaka ngozi imeanza madoa meusi, ukiyabonyeza kidole kinazama. Akasema toa buku mbili ubebe fungu zima. Nikabeba, kwa huruma zaidi kuliko kwa hesabu. Nyumbani tukala mawili, tukashiba. Matano yaliyobaki nilijua yataharibika, nikayamenya usiku uleule nikiwa naangalia taarifa ya habari, nikayakatakata na kuyatupia kwenye friza. Asubuhi nikashusha blenda. Vipande vya embe, mtindi, maji kidogo, basi. Sikuweka sukari kwa sababu nilisahau, na nilipoonja nikaona hata ningekumbuka ningeharibu.

Tangu siku hiyo sinunui matunda ya smuthi asubuhi, na sinunui yale mazuri ya kupendeza macho. Nanunua yaliyoiva sana, jioni, kwa bei ya kuaga. Tunda linapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari. Chukua ndizi kisukari yenye ganda la njano safi, halafu chukua ile iliyojaa vidoa vyeusi ambayo watoto wanaikataa, uonje zote mbili. Hiyo ya vidoa ndiyo sukari yako, na hujailipia dukani. Ila iliyoiva sana siyo iliyooza: likinuka pombe au likiwa na ukungu, tupa lote, usikate kipande kibaya ukajidanganya na kilichobaki.

Shida yetu wengi ni kwamba tumelelewa na juisi. Unasaga, unachuja, unaongeza maji, halafu unamimina sukari mpaka kijiko kisimame. Makapi yanaenda kwenye ndoo ya taka, na nyuzinyuzi, ambazo ndizo zinazokufanya ushibe na choo kiwe laini, zinaenda nayo. Smuthi haichujwi. Chujio libaki na chai. (Pasheni tu ndiyo naichuja, kwa sababu mbegu zikisagika zinanikera kwenye meno. Wewe kama hazikukeri, ziache.) Na wale wanaosema "mimi naweka asali, siyo sukari", pole. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linaihesabu asali pamoja na sukari ya mezani, na linataka sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi kwa siku nzima, ukijumlisha chai, soda na andazi. Ukiweka vijiko vinne kwenye glasi moja alfajiri, umekula theluthi ya fungu lako kabla hujafunga mlango.

Kugandisha nako kuna namna yake. Mara ya kwanza nilijaza vipande vyote kwenye bakuli moja, asubuhi nikakuta jiwe moja kubwa la embe. Sasa natandaza vipande kwenye sinia, visigusane, naviacha kwa saa mbili tatu mpaka vigande, ndipo navihamishia kwenye makopo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nimekuwa mtu wa kutunza makopo ya mtindi na ya aiskrimu, na kopo moja dogo la mtindi linatosha kabisa glasi moja kubwa. Kwa hiyo kila kopo ni asubuhi moja. Ndizi menya kabla ya kugandisha. Nimewahi kuiweka na ganda lake, nikaishia kuichonga kwa kisu kama mchonga vinyago wa Mwenge, kidole nusura kiende. Ukizinyunyizia ndimu hazitageuka rangi ya kahawia upesi.

Glasi yangu ya kila siku ni hii: maji ya kunywa robo kikombe na mtindi nusu kikombe vinatangulia. Kisha kijiko kimoja cha siagi ya karanga ili nisisikie njaa saa nne. Kisha ndizi kisukari mbili na kikombe kimoja cha vipande vya embe vilivyoganda, juu kabisa. Kipande cha tangawizi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Nukta. Embe linafurika kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, kwa hiyo miezi hiyo friza yangu haina nafasi hata ya samaki. Msimu ukiisha nahamia nanasi la Kiwangwa, papai, au parachichi na tende mbili.

Lakini hapo kwenye papai na nanasi nisikilize, maana mimi nililipa. Nilisaga papai na mtindi asubuhi, nikajaza chupa, nikaenda nayo kazini Posta, katikati ya jiji, ili ninywe mchana. Saa saba nikafungua, nikavuta funda moja. Chungu! Chungu kama mwarobaini. Nilifikiri mtindi umeharibika, nikamlaumu muuza duka kimoyomoyo kwa wiki nzima. Kumbe kosa langu. Papai lina kimeng'enya cha papaini, nanasi lina bromelaini, na vyote viwili huvunjavunja protini ya maziwa polepole na kuacha uchungu. Wachoma mishkaki wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana wanapaka papai bichi kwenye nyama ngumu ilainike. Kugandisha hakuviui hivyo vimeng'enya. Basi papai au nanasi na mtindi ni vya kunywa papo hapo. Kama ni ya kubeba, weka maji badala ya maziwa, pamoja na ndimu na tangawizi.

Na barafu: ukiwa na tunda lililoganda huna haja nayo. Ukiitaka, igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Baridi ya friza inawalaza vijidudu, haiwaui. Hilo nalo nililijifunza kwa tumbo langu, kwenye glasi ya barabarani, na sitaeleza zaidi.

Blenda yenyewe si lazima iwe ya bei ya pikipiki, ila ujue nguvu zake. Yangu ya kwanza niliitwisha vipande vikavu vilivyoganda, bila maji chini, nikabonyeza na kushikilia. Ikaguna, ikanyamaza, ukatoka moshi wenye harufu ya waya. Fundi wa mtaani alipoifungua alinitazama kwa masikitiko: "Dada, hii umeipa kokoto." Raba ya chini, ile inayoungana na visu, ilikuwa imelika yote. Ndiyo maana nimesema maji yanatangulia na mawe yanakuja juu. Toa kopo kwenye friza ukiamka, mpaka umeoga vipande vimelegea kidogo. Bonyeza sekunde tano, achia, bonyeza tena. Ikikwama zima, chomoa, ndipo uingize mwiko. Ukimaliza, usiache jagi kwenye karo mpaka jioni: weka maji na tone la sabuni, washa sekunde ishirini, suuza, kwisha kazi. Mimi niliichukia blenda kwa ajili ya kuosha kuliko kwa ajili ya kumenya.

Kitu kimoja kuhusu wagonjwa. Mama mkwe ana kisukari, na alipokuja kukaa kwetu nilijiona mkarimu sana kumpa glasi kubwa ya ndizi kisukari kila asubuhi. (Ndiyo, jina lenyewe lilikuwa linanipigia kelele.) Nesi wa kliniki yake hakumkataza matunda, alimkataza glasi. Alisema tunda zima linamfaa kuliko lililosagwa, maana matunda matatu ukiyatafuna utachoka, ukiyanywa yameisha kwa dakika moja na sukari inapanda. Sasa yeye anakula kipande chake cha papai kwa uma, sisi tunakunywa. Kama una hali hiyo, muulize anayekutibu, usinisikilize mimi.

Umeme ukikatika je? Kwanza usifungue friza kila dakika kuangalia, baridi itakaa muda mrefu ukiiacha imefungwa. Lakini alfajiri bila umeme blenda ni pambo. Mwezi uliopita ilinikuta hivyo, mtoto ameshazoea glasi yake, hataki chai. Nikaona si neno, vipande vimeshalegea. Nikachukua kinu kidogo cha jikoni, nikaponda embe na ndizi, nikachanganya na mtindi. Kulikuwa na mabongemabonge lakini ilinyweka. Nilichosahau ni kwamba kinu kile ndicho tulichotwangia bizari na kitunguu saumu Jumapili. Mtoto alikunywa yote mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akauliza kama leo kuna pilau.