Kupima Relei ya Ulinzi wa Laini Bila Kufyatua Breka

Mara ya kwanza nilipoachiwa kupima relei ya laini ya umeme iliyokuwa imebeba mzigo (relei ni kifaa kinachohisi hitilafu na kuamuru breka, yaani swichi kubwa ya laini, ifyatuke na kukata umeme), nilitoa kiungo cha saketi ya kufyatua, yaani kipande kinachotolewa ili amri isifike kwenye breka, nikaingiza mkondo kutoka kwenye mashine ya majaribio, relei ikafanya kazi, na breka ya laini ikatulia kama nilivyotarajia. Kabla hata nusu sekunde haijaisha, breka nyingine zote za basibaa ile, yaani nondo ya pamoja inayounganisha laini za kituo, zilifyatuka kwa kishindo kimoja. Relei ilikuwa imetoa amri, ikaona mkondo wangu ungali unapita, ikahitimisha kwamba breka imegoma. Basi ikaomba msaada wa breka za jirani, kama ilivyoundwa kufanya. Kosa lilikuwa langu: nilidhani relei ina mlango mmoja tu wa kutolea amri.

Tangu siku hiyo sigusi bisibisi kabla sijaketi na mchoro na kuandika kila amri inayotoka katika relei hiyo. Mara nyingi orodha huwa ndefu kuliko mtu anavyofikiri: koili ya kwanza ya kufyatua (sumaku inayoifungua breka), koili ya pili, ulinzi wa breka iliyogoma, ishara ya kufyatua inayokwenda kituo cha upande wa pili wa laini, na kianzishio cha kufunga breka tena. Kila moja ina kiungo chake, au inapaswa kuwa nacho. Isipokuwa nacho, waya wake hufunguliwa kwenye terminali, hufungwa utepe na kuandikwa namba. Relei za tofauti ya mkondo, zinazolinganisha mkondo wa ncha mbili za laini, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ukiingiza mkondo upande mmoja, relei ya upande wa pili huona tofauti ileile na inaweza kufyatua breka yake huku wewe ukijisifu kwamba ya kwako haikutikisika. Kwa hiyo pande zote mbili huwekwa katika hali ya majaribio kwanza, na mtu wa upande ule athibitishe kwa simu kwamba amefanya hivyo, si kwamba atafanya. Wala laini isiachwe bila mlinzi: kama haina relei ya pili iliyo kazini wakati wote huo, jaribio lisubiri laini izimwe.

Viungo vya kufyatua vikishatoka, ndipo zamu ya transfoma za mkondo, zinazopunguza mkondo mkubwa wa laini hadi kiasi ambacho relei inaweza kupima. Upande wa pili wa transfoma hizi, ule unaokwenda kwenye relei, haufunguliwi kamwe wakati laini inabeba mzigo, maana mkondo uliokosa njia huinua volteji hadi maelfu ya volti kwenye terminali zilizo mbele ya uso wako. Ncha zake huunganishwa pamoja kwanza kwa kipande cha shaba, kisha unapima kwa ampea-mita ya kubana ili kuhakikisha kwamba mkondo umehamia kwenye shaba hiyo na upande wa relei unasoma sifuri. Baada ya hapo tu ndipo unapoitenga relei. Niliwahi kusikia mvumo mwembamba kutoka kwenye terminali nilipokuwa nikilegeza skrubu. Nilirudisha mkono, nikaikaza tena, na mvumo ukanyamaza. Kipande cha shaba kilikuwa kimeshika upande mmoja tu.

Jaribio lenyewe ndilo sehemu nyepesi. Mguso wa akiba wa relei, yaani swichi yake ndogo isiyotumika kwingine, husimamisha saa ya mashine, na breka haihusiki. Relei iliyowekwa ampea 1 kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (kanuni ya kimataifa ambayo kwayo mkondo ukiwa mkubwa zaidi, relei hufanya kazi haraka zaidi), kizidishi cha muda kikiwa 0.1, inapaswa kufanya kazi kwa takriban sekunde 1.00 ukiingiza ampea 2, na sekunde 0.43 ukiingiza ampea 5. Ikifyatuka papo hapo, usiilaumu mapema. Huenda kipengele chake kisicho na ucheleweshaji kimekutangulia. Wengi hukizima kwa muda ili wapime mkunjo, na wengi husahau kukiwasha. Mimi huhifadhi nakala ya mipangilio kabla ya kuanza na kuilinganisha na iliyomo ndani nikimaliza, mstari kwa mstari.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kurejesha, wakati watu wamechoka na gari linawasubiri. Transfoma za mkondo hurudi kwanza, kisha unasoma mkondo kwenye relei na kuulinganisha na ule wa relei ya pili. Viashiria vyote hufutwa. Viungo vya kufyatua huwa vya mwisho kabisa. Kabla ya kukirudisha kila kimoja, pima volteji kwenye pengo lake. Ukikuta karibu volti 110 katika kituo chenye betri ya volti 110, mguso wa relei umebaki umefunga, na kiungo kikiingia tu, breka inaondoka. Saketi yenye kisimamizi cha koili, yaani kifaa kinachochunguza kila wakati kama koili ni nzima, inaweza kuonyesha volteji kidogo hata ikiwa salama, hivyo ni vizuri uwe umepima na kuandika kiasi hicho mara tu ulipotoa kiungo. Tumia voltimita, si taa ya kupimia, kwa kuwa taa hupitisha mkondo ambao unaweza kuamsha koili yenyewe. Viungo vihesabiwe pia: niliwahi kukuta kimoja mfukoni nikiwa nimeshafunga mlango wa paneli.

Hata hivyo, njia hii huacha kipande cha saketi bila kuguswa, yaani waya kutoka kwenye kiungo hadi kwenye breka, pamoja na koili yenyewe. Laini inapozimwa kwa matengenezo, huwa naomba nafasi ya kufyatua mara moja kwa kupitia relei, viungo vyote vikiwa mahali pake. Katika moja ya nafasi hizo, relei iliyokuwa imenipa sekunde 0.43 kila mwaka ilitoa amri, taa yake ikawaka, na breka haikusogea. Koili ilikuwa imeungua.