Nimeshindwa kuondoa mawazo kichwani: je, tiba ya uzingativu itanifaa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Katika miaka tisa nimepata sonona mara tatu. Sasa ni mwezi wa nane niko sawa, dawa naendelea nazo. Daktari wangu amenishauri nijiunge na kundi la wiki 8 la tiba ya uzingativu ili ugonjwa usirudi. Nikaona nijizoeze kwanza kwa programu ya simu. Hata dakika moja sijaweza kuondoa mawazo. Nikifumba macho ndiyo kwanza yanazidi, na mara mbili nilishikwa na hofu, moyo ukaenda mbio nikaacha. Mwalimu mmoja ninayemfuata mtandaoni ananiambia dawa ndizo zinazoziba akili, niziache kisha niende kwenye mafungo ya siku 10 za ukimya. Dada yangu naye anasema hiyo ni ibada ya Wabudha na nikiingia nitakuwa nimebadili dini. Je, nimeshindwa kabla sijaanza?

JIBU: Dawa usiache. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua wapo watakaosoma mstari mmoja tu kisha waendelee na shughuli zao. Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, si daktari wa dawa. Habari ya dozi ni yako na aliyekuandikia, na mtu wa mtandaoni asiyejua hata jina la kidonge unachomeza hana kiti katika mazungumzo hayo.

Sasa twende kwenye neno lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingi zinazofanana nayo. Umeandika kwamba umeshindwa "kuondoa mawazo". Dada, nani alikuambia uyaondoe? Karibu kila juma mtu ananiletea kushindwa kwa aina hii, na kila ninapouliza, jibu ni lilelile: aliona video, au picha ya mtu ameketi penye maji ametulia kama jiwe, akahitimisha kuwa ndani ya kichwa cha yule mtu hamna kitu. Tiba hii haina hatua hata moja inayodai kichwa kitupu. Kichwa kitupu ni cha aliyezimia.

Zoezi lenyewe ni hili. Unaweka umakini kwenye pumzi, au kwenye nyayo, au kwenye sauti zinazokuzunguka. Baada ya muda mfupi akili inatoroka: inakwenda kwenye deni, kwenye maneno ya jana, kwenye "mbona mimi siwezi hata hiki". Unagundua kwamba imetoroka. Unatambua ilikokwenda, unairudisha bila kujitukana. Basi. Ikitoroka mara 40 katika dakika 10 na ukairudisha mara 40, umefanya zoezi mara 40. Pale ulipojiandikia sifuri ndipo kazi ilipokuwa inafanyika.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko imo kwenye maneno tunayotumia. Tumezoea kusema "kutafakari", na kutafakari kwetu ni kuwaza jambo kwa kina, kuligeuza huku na huku. Mtu mwenye sonona ukimwambia akatafakari umempa kazi anayoifanya usiku kucha bila kulipwa. Ndiyo maana napendelea kitenzi "kuzingatia". Mzazi akisema "zingatia maneno yangu" hakuambii uyachambue, anakuambia uyashike, yasikuponyoke. Na hapo Kiswahili kimegusa shina la jambo bila kukusudia: neno ambalo Wabudha hulitumia, sati, la Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, asili yake ni kukumbuka. Mwaka 1881 mfasiri Mwingereza T. W. Rhys Davids ndiye aliyelichagulia neno la Kiingereza, mindfulness, ambalo sasa limebandikwa kila mahali, na maana ya kukumbuka ikafifia njiani. Unachojifunza ni kukumbuka ulipo, hapa na sasa, pindi akili inapokusahaulisha.

Kwa nini hilo limsaidie mtu mwenye historia kama yako? Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, watafiti watatu waliobuni tiba hii mahususi kwa sonona inayojirudia, walianza na swali la mtu ambaye amepona. Huyu akipatwa na huzuni ndogo tu, ya siku moja, ile huzuni haiji peke yake. Inakuja na furushi lake la zamani: sifai, nimechoka, nitakuwa hivi daima. Kila ugonjwa unapojirudia, njia kati ya huzuni na furushi hilo inazidi kukanyagwa, hadi inatosha sababu ndogo sana kumrudisha mtu shimoni. Na akianza kujiuliza "kwa nini niko hivi?" akidhani anatafuta ufumbuzi, anachimba zaidi. Zoezi linamfundisha kuliona wazo likija na kulitambua kuwa ni wazo. Kuna tofauti kubwa kati ya "mimi sifai" na "lile wazo la kutofaa limekuja tena". Kwa maneno tofauti hiyo ni ndogo, lakini aliyewahi kuipata saa tisa za usiku anajua uzito wake.

Sasa angalia: ungewezaje kujifunza kumtambua mgeni huyo kama sharti la kwanza ni asibishe hodi kabisa? Anayekufundisha kuondoa mawazo anakunyima kitu chenyewe unachopaswa kufanyia mazoezi. Tena anakuongezea furushi wazo jingine: "hata kukaa kimya nimeshindwa".

Ushahidi upo, na una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji. Utafiti wa kwanza mkubwa wa watatu hao, uliochapishwa mwaka 2000, ulifuatilia watu 145 waliokuwa wamepona. Kwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida, na kwa asilimia 37 ya waliopitia kundi la wiki 8. Kwa waliougua mara mbili tu, haukuonekana msaada wowote. Soma tena sentensi hiyo. Tiba ileile, walimu walewale, na kundi zima la wagonjwa halikupata kitu. Wewe kwa mara zako tatu uko upande ambao daktari wako ana sababu nzuri ya kukupeleka, na umepona kwa sasa, jambo ambalo ndilo hasa kundi hili lilitengenezewa. Amefanya kazi yake.

Najua pia mwalimu wako wa mtandaoni anakotoa habari ya kuacha dawa, hata kama yeye mwenyewe hajui. Mwaka 2015 nchini Uingereza ulitoka utafiti wa watu 424 waliokuwa kwenye dawa za kuzuia sonona isirudi. Nusu walibaki kwenye dawa. Nusu walijiunga na kundi la uzingativu na kusaidiwa kupunguza dawa. Katika miaka miwili ugonjwa ulirudi kwa asilimia 47 ya waliobaki na dawa na asilimia 44 ya kundi la pili, yaani hakuna aliyemshinda mwenzake. Mtandaoni matokeo hayo yamegeuka kuwa "sayansi imethibitisha huhitaji dawa". Walipunguza kidogo kidogo, madaktari wao wakiwa na habari, wakiwa tayari ndani ya tiba yenye mwalimu aliyefunzwa. Kati ya hilo na kutupa vidonge Jumamosi kwa sababu ya video hakuna undugu. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali, kisha mtu anaambiwa hiyo ndiyo "akili inajisafisha".

Kuhusu dini. Dada yako amekosea, lakini hajatunga. Mazoezi haya yametoka kwa Wabudha, na mtaalamu anayekuambia hayana uhusiano wowote nao anakudanganya kwa nia njema. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa biolojia ya molekuli aliyekuwa amejifunza kwa walimu wa Zen na wa vipassana, njia mbili za Kibudha za kuizoeza akili, alifungua kliniki katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Aliwapokea watu wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida yalikuwa hayajawafikisha mbali. Alichukua mazoezi, akaacha ibada. Vipassana yenyewe, kwa sura iliyofika Magharibi, ilikuwa imepitia Burma (sasa Myanmar), ambako walimu kama Ledi Sayadaw na baadaye Mahasi Sayadaw waliifungulia watu wa kawaida kazi iliyokuwa zaidi ya watawa.

Katika Ubudha, uzingativu sahihi ni hatua ya saba kati ya nane za njia moja. Kabla yake yapo maneno sahihi, matendo sahihi, riziki sahihi. Na mwisho wa njia si kulala vizuri wala kupunguza msongo, ni kukombolewa kutoka katika mateso na mzunguko wa kuzaliwa upya. Kliniki haikupi hayo na haidai kukupa. Hakuna sanamu, hakuna kiapo, hakuna unayemsujudia. Wapo Wabudha wanaolalamika kwamba tumenyofoa tawi tukauacha mti, na mimi sidhani wamekosea kulalamika. Mtu anaweza kutuliza akili yake vizuri sana ili kesho akadhulumu kwa utulivu. Lakini hayo ni mashtaka ya kwamba tumechukua kidogo mno, si kwamba tunawabatiza watu kwa siri. Kama baada ya kuelewa hayo dhamiri yako bado haitulii, sema bila aibu. Tiba ya fikra na tabia nayo hutumika kuzuia sonona isirudi, na haina historia hiyo.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Hao wanaohubiri akili tupu hupenda kusema "hekima ya miaka elfu mbili na mia tano". Haya, twende kwenye hekima yenyewe. Katika mahubiri maarufu ya Buddha kuhusu misingi minne ya uzingativu, yaani mwili, hisia, akili na mafundisho, mtawa haambiwi afukuze hasira ndipo aanze. Anaambiwa akili yenye hasira aijue kuwa ina hasira, na akili iliyotawanyika aijue kuwa imetawanyika. Zipo pia mbinu za kukusanya akili mpaka itulie mno, ambazo ni hatua ya nane, nazo watu huzifanyia kazi miaka. Mwalimu asiyeweza kutofautisha saba na nane anakuuzia vyote kwa bei moja.

Mafungo ya siku 10 sasa. Ni desturi halisi na yenye heshima yake. Huwa ni takriban saa 10 za kuketi kila siku, bila kuongea. Si matibabu. Vituo vikubwa vya desturi hiyo vyenyewe huwaonya watu wenye maradhi mazito ya akili wasijiandikishe. Kumpeleka huko mtu aliyetoka kuacha dawa, ambaye dakika chache za kufumba macho zimemletea hofu mara mbili, ni uzembe, na ningetumia neno kali zaidi kama mhariri angeniruhusu.

Ile hofu yako nayo inafahamika. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya tafiti 83 ulikuta madhara ya namna hii kwa watu wapatao 8 katika kila 100 waliofanya mazoezi ya akili ya aina hii, na yaliyotajwa zaidi ni wasiwasi na sonona. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye kiwewe cha zamani, kufumba macho na kuifuata pumzi ni kufungua mlango wa chumba walichokifunga kwa sababu. Mwalimu aliyefunzwa hakuambii uvumilie. Atakuambia ufumbue macho, uweke umakini kwenye nyayo zilizo sakafuni au sauti za nje, ufupishe muda, na atataka kujua kilichotokea. Aliyejifunza mwishoni mwa wiki moja na kutundika cheti atakuambia "sumu inatoka".

Vyeti hivyo vimekuwa vingi, na vinaniudhi kuliko programu za simu. Segal na wenzake walipokwenda kujifunza kwenye kliniki ya Massachusetts, wakiwa tayari wataalamu wenye majina, walikuwa wakitafuta mbinu ya kuwagawia wagonjwa. Waliambiwa wazi kwamba bila kufanya mazoezi wao wenyewe kila siku hawataweza kufundisha. Haikuwafurahisha, lakini wakakubali. Leo mtu anamaliza masomo ya video 12 kisha anafungua "kliniki ya akili" mtandaoni, anawapokea wenye sonona, wenye kusikia sauti, waliofiwa wiki iliyopita, wote kwa zoezi moja. Hata watu waliojiandaa kwa uangalifu wamekosa: mwaka 2022 utafiti wa wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule za Uingereza ulionyesha kuwa masomo ya uzingativu hayakuwafaidi kuliko yale ya kawaida. Kitu kinachomfaa kila mtu kwa kila jambo, mimi bado sijakutana nacho katika kazi hii.

Kwa hiyo nenda kwenye kundi la daktari wako. Kabla ya kikao cha kwanza omba dakika chache na mwalimu peke yenu, umweleze hizo hofu mbili na jambo lolote zito lililowahi kukupata. Muulize alisomea wapi kutibu sonona, si kufundisha pumzi tu, na yeye mwenyewe anafanya mazoezi tangu lini. Muulize utampigia nani ukizidiwa kati ya kikao na kikao. Akikasirika kwa maswali hayo, rudi kwa daktari akutafutie mwingine. Ujue pia kwamba kazi ya nyumbani ni ndefu, inaweza kufika dakika 45 kwa siku, na kuna siku utaichukia; siku hizo nazo mtazizungumza kundini.

Programu ya simu si lazima uifute. Baki nayo kwa dakika tatu hadi tano, macho wazi, mpaka kundi lianze, na hofu ikirudi iache. Ila zima kile kipengele kinachohesabu siku ulizofanya mfululizo na kukupa nyota. Hiyo nyota inampa furaha aliyeitengeneza kuliko wewe.