Ukifika Písek, anza mtoni

Wageni wengi wanaokwenda kusini mwa Ucheki hukimbilia mji wa Český Krumlov. Písek, kilomita zipatazo 100 kusini mwa Praha, wanaupita tu. Wanakosa mengi. Jina la mji huu kwa Kicheki ni "mchanga", yaani mchanga wa mto Otava, ambao watu waliuosha kutafuta dhahabu tangu enzi za Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Vilima vya mchanga ulioachwa baada ya kuoshwa bado vinaonekana kandokando ya mto.

Kituo cha treni kiko mbali kidogo na mji mkongwe, kwa hiyo tenga kama nusu saa ya kutembea. Vaa viatu vyenye soli nene, maana njia nyingi za katikati zimetandazwa mawe.

Nenda kwanza kwenye Daraja la Mawe. Lilijengwa karne ya 13, na katika madaraja yanayosimama leo Ucheki hakuna lililo kongwe kuliko hilo. Hata Daraja la Charles la Praha, lililoanza kujengwa mwaka 1357, ni mdogo wake. Kosa la wengi ni kulivuka, kupiga picha sanamu na kuondoka. Shuka ukingoni ulitazame kwa chini, uhesabu matao: yako saba. Sita ni ya zamani. La saba, pana kuliko wenzake, liliongezwa baada ya mafuriko ya karne ya 18. Mafuriko ya Agosti 2002 yalifunika daraja na kung'oa kingo zake, lakini matao hayakutikisika. Kwa picha, vuka hadi ng'ambo ya kushoto ya mto wakati wa alasiri: jua litakuwa mgongoni mwako na mji wote utakuwa umeangazwa.

Kasri la mfalme Přemysl Otakar II liko hapo hapo juu ya maji, na ndani yake mna jumba la makumbusho. Usipange kulitembelea Jumatatu, hufungwa.

Usiondoke bila kuona mtambo wa umeme wa maji, uliomo katika kinu cha zamani cha kusaga nafaka. Mwaka 1887 mhandisi František Křižík aliweka taa za umeme mitaani, na Písek ukawa mji wa kwanza Ucheki kuwa na taa za namna hiyo za kudumu. Mtambo ulifuata mwaka 1888. Hupokea wageni msimu wa joto, kwa hiyo ukienda wakati wa baridi utaishia kuutazama kwa nje.